Spika za mzee: Zikague kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika

Arobaini ikishapita, familia nyingi huanza kugawana vitu vya marehemu. Baiskeli hupata mwenyewe, saa ya mkononi huchukuliwa na mtoto wa kwanza, koti humwendea baba mdogo. Kinachobaki sebuleni bila wa kukitaka ni yale maboksi mawili ya mbao, spika za redio ya zamani, zenye kitambaa cheusi mbele na vumbi la miaka juu yake. Zinahamishiwa stoo, zinageuzwa meza ya kuwekea ndoo, hadi siku anapopita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Anazivunja palepale uani, anachukua sumaku na shaba, mbao anawaachia za kuni.

Kwa waliokua na spika hizo, zilikuwa ndiyo televisheni ya nyumba. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994; Zanzibar ilitangulia, tena kwa picha za rangi, tangu miaka ya 1970. Kwa wa Bara, taarifa ya habari, mpira, hotuba na muziki wa dansi vyote viliingia ndani kwa redio, na nyumba yenye seti ya spika mbili haikukosa wageni siku ya Jumapili. Nyingine zililetwa na mabaharia, nyingine na vijana waliotoka masomoni Ulaya, nyingine zilitumwa na ndugu wa Muscat au Dubai.

Kama katika nyumba yenu zipo, jambo la kwanza la kukubaliana ni msizigawane moja moja. Nimesikia ndugu wakifanya hivyo kwa nia njema, kila mmoja abaki na kumbukumbu ya baba. Spika hutengenezwa kwa jozi. Moja peke yake haimfai aliyeichukua, na aliyebaki na ya pili naye hana kitu. Apewe mmoja zote mbili, wengine wapewe haki ya kuja kusikiliza.

Geuza boksi usome mgongoni

Karibu kila spika ya maana ina karatasi au bati nyuma lenye jina la kampuni, namba ya modeli, wati na omu, ile alama inayofanana na kiatu cha farasi. Lipige picha kwa simu leo, kwa sababu gundi ya karatasi hizo imezeeka na mtoto akikwangua kidogo tu inatoka. Angalia pia ilitengenezwa nchi gani. Ukikuta Ujerumani Magharibi, ujue ni ya kabla ya Oktoba 1990, maana baada ya hapo nchi hiyo haikuwepo tena kwa jina hilo. Namba za mfululizo za maboksi mawili zikiwa sawa au zinafuatana, unayo jozi halisi iliyotoka kiwandani pamoja.

Majina yanayostahili kukufanya utulie ni kama Wharfedale, KEF, Celestion na Tannoy za Uingereza, JBL na AR za Marekani, na spika kubwa za Yamaha, Pioneer, Sansui na Technics za Japani. Lakini jina peke yake halitoshi. Kampuni hizo hizo za Japani baadaye ziliuza seti nyingi za bei nafuu zenye maboksi mepesi, na baadhi ya hizo zina duara la ziada mbele ambalo ni pambo tu, nyuma yake hakuna kitu. Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa sauti nzito na fupi kama mlango wa mninga, ni zuri. Likilia kama debe, usitumie fedha nyingi kulitengeneza.

Ukubwa nao usikudanganye. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iliyoitwa AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa lisipitishe hewa, na hewa iliyofungiwa ndani ikafanya kazi ya springi. Kabla yake, aliyetaka besi nzito ilibidi awe na boksi la ukubwa wa kabati. Ndiyo sababu spika nyingi za zamani zilizozibwa hivyo ni ndogo lakini zinazito kama mfuko wa saruji uliopungua nusu, na ndiyo sababu ufa mdogo nyuma ya boksi la aina hiyo huharibu besi yote.

Kuna alama nyingine ambayo mafundi wazee huitazama, nayo ina historia inayotugusa wasemaji wa Kiswahili. Fundi akifungua boksi, sumaku iliyo nyuma ya spika inaweza kuwa kama kikopo kidogo cha chuma, au kama sahani nene nyeusi. Mara nyingi ya kikopo ni alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Ya sahani nyeusi ni feraiti. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka Zaire, mkoa wa Shaba, ambao baadaye ulirudia jina la Katanga. Mei 1978 waasi walivamia mji wa migodi wa Kolwezi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani, na bei ya kobalti ikaruka mara kadhaa. Viwanda vilivyokuwa bado vinatumia alniko, JBL ikiwemo, vikalazimika kuhamia kwenye feraiti. Kwa hiyo sumaku ya kikopo kwenye spika kubwa ya Marekani mara nyingi ni dalili kwamba ilitengenezwa kabla ya miaka ya 1980. Kama ni ya alniko, usiiangushe wala kuigonga kwa nyundo. Mshtuko mkubwa huipunguzia nguvu.

Kilichokufa ni sponji

Hapa ndipo spika nyingi nzuri zinapouawa bure. Toa kitambaa cha mbele taratibu, kwa kawaida kimeshikiliwa na vichomeo vya plastiki pembeni, uangalie ukingo unaounganisha koni kubwa na fremu ya chuma. Ukingo huo unaweza kuwa wa kitambaa, wa mpira au wa sponji. Kitambaa hudumu sana. Mpira hudumu miaka mingi, ingawa hukakamaa. Sponji, iliyotumika sana kuanzia miaka ya 1970, huoza yenyewe hata kama spika haijawahi kupigwa, na joto na unyevu wa Pwani huiharakisha. Ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi yanayonata.

Spika yenye sponji iliyooza hukoroma, hupasua sauti, na mwenye nyumba husema imekufa. Koni ni nzima, koili ni nzima, sumaku ni nzima. Kinachotakiwa ni duara jipya la sponji au mpira lenye kipimo sawasawa, gundi, na fundi mwenye subira. Anakwangua sponji ya zamani na gundi yake yote, anaweka vipande vyembamba vya karatasi ngumu kuzunguka koili ili ikae katikati, ndipo anabandika mpya na kuiacha ikauke. Akiruka hatua ya kuweka koili katikati, itasuguana na sumaku na utarudi kwake wiki ijayo.

Mtakeni abadilishe pande zote mbili kwa pamoja hata kama moja bado inaonekana nzuri, la sivyo boksi la kushoto na la kulia yatasikika kama watu wawili tofauti. Fundi atakayekwambia mara moja kwamba dawa ni kutoa spika zote na kuweka mpya za dukani, mshukuru, beba maboksi yako uondoke. Spika ya zamani na boksi lake vilipigiwa hesabu pamoja. Ukiweka nyingine yoyote ndani, umebaki na fanicha.

Kabla ya kwenda kwa fundi unaweza kujipimia mambo matatu. Bonyeza koni kubwa kwa vidole vya mikono yote miwili, pole sana na sawasawa, iingie milimita chache. Ikienda kimya ni nzuri. Ukisikia mkwaruzo, koili inasuguana. Usibonyeze twita, ile ndogo ya sauti kali, hata kwa utani.

Pili, azima mita ya umeme upime kwenye vituo vya waya nyuma ya boksi. Spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma kama 3 na kitu. Mita isiposoma kabisa, kuna waya uliokatika mahali. Tatu, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye kituo chekundu na hasi kwenye cheusi kwa sekunde moja. Koni kubwa inapaswa kuruka, na za maboksi yote mawili ziruke upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, kuna fundi aliyewahi kuzigeuza nyaya ndani, na besi itakuwa inapotea kila mkipiga muziki.

Twita ikiwa imefifia, mara nyingi tatizo ni kapasita ndogo iliyozeeka ndani ya boksi. Ni kazi ya bei nafuu, ila sisitiza kapasita isiyo na upande wa chanya na hasi, ya thamani ileile, na volti zisipungue za awali. Ile ya kawaida ya redio haifai hapo.

Boksi lenyewe lifute kwa kitambaa kikavu. Adui yake mkubwa katika nyumba zetu ni deki. Maboksi mengi ni ya chipbodi iliyobandikwa ubao mwembamba juu, na maji ya kila asubuhi hupanda kutoka sakafuni, chipbodi inavimba, kona zinafunguka. Yanyanyue.

Simu ya mkononi na amplifaya

Spika hizi hazina umeme wake. Zinahitaji amplifaya, na ndogo yenye Bluetooth ya kupokea muziki wa simu inatosha sebule ya kawaida. Hakikisha tu kwamba inakubali omu za spika zako. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 ikifungiwa spika za omu 4 huchemka na inaweza kuungua. Usibabaishwe na maandishi ya PMPO na maelfu ya wati kwenye maboksi ya sabufa madukani. Tafuta neno RMS, na wati 20 au 30 za kweli kila upande zitawafanya majirani wakujue. Kinachoua twita kwa kawaida ni amplifaya dogo lililofunguliwa hadi mwisho mpaka sauti inapasuka. Sauti ikianza kukwaruza, punguza papo hapo.

Usiziweke juu ya kabati

Sebule zetu ni ngumu kwa muziki: ukuta wa tofali, sakafu ya vigae, vioo vya madirisha. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaojirudia, zulia, mapazia mazito na rafu ya vitabu vitakusaidia kuliko spika mpya.

Twita ikae usawa wa masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi, karibu sentimita 90 hadi mita moja kutoka sakafuni. Seremala anaweza kukutengenezea stendi mbili kwa kipimo hicho. Achanisha spika kama mita mbili, na nafasi ya kuketi iwe mbali nazo kiasi hichohicho au zaidi kidogo, ili uwe pembetatu. Zisogeze mbele ya ukuta sentimita 20 hadi 50. Ukizisukumia kwenye kona besi itaongezeka, lakini itakuwa besi ya kuvuma kama pipa. Kwa wapangaji wanaochangia ukuta, msizielekeze mgongo ukuta wa jirani. Besi hupita tofali, na ugomvi wa saa nne usiku huanzia hapo.

Wenye watoto wadogo wana hesabu nyingine. Boksi la kilo 15 juu ya stendi nyembamba ni hatari kwa mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika vitu. Funga stendi ukutani kwa mkanda au skrubu, au weka spika chini kwenye tofali mbili mpaka akue, hata kama sauti itapungua uzuri. Usiweke televisheni juu yake. Vitambaa vya mbele virudishwe, kwa kuwa hakuna kitu kinachomvuta mtoto kukitoboa kama kile kibonye laini katikati ya koni. Maboksi yenye tundu mbele au nyuma hugeuka kibubu: sarafu, vifuniko vya chupa, hata rimoti. Mulika kwa tochi ya simu kabla ya kuwasha, na mende nao hupenda humo.

Masikio yao ndiyo hayana fundi. Kwa vifaa vya kusikilizia muziki, Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua nusu: kwa mtoto, 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5 kwa wiki nzima. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Programu za kupima sauti zipo za bure kwenye simu, na ingawa si sahihi kama mita ya kitaalamu, zinatosha kukuonya. Pima pale anapokaa mtoto, maana yeye mara nyingi huwa amekaa sakafuni mbele kabisa ya boksi, wakati wewe uliyeshika simu uko kwenye kochi mita tatu nyuma.