Kindu: Wavuvi wa ndoano wabishana juu ya chandarua, utupa na kufunga mto

Jua linapokaribia kuzama upande wa Kasuku, ukingo wa mto Lualaba mjini Kindu hujaa watu wa aina mbili. Wapo wanaokimbilia mtumbwi wa kuvuka kwenda Alunguli kabla ya giza, na wapo wasio na haraka yoyote: mkononi kijiti kilichozungushiwa nilo, kopo la minyoo, na mfuko wa plastiki wa kurudishia samaki, kama watapatikana. Hawa wa pili ndio watu wa ndoano. Baadhi yao wanaishi kwa kazi hiyo. Wengine ni walimu, wanafunzi au wafanyakazi wa ofisini wanaokuja kuloba jioni ili sufuria ya nyumbani isikose kitu.

Samaki si kila siku wanapatikana. Maoni, hayo yapo kila siku: chambo gani kinafaa, mahali gani pamekufa, nani anayemaliza samaki wa Lualaba.

Jambo ambalo karibu wote wanakubaliana ni kwamba maji husomwa kwanza, ndoano hutupwa baadaye. Mvua zinapoendelea na mto kufura, maji huingia msituni na kwenye mabwawa ya kando, na samaki huyafuata. Huko kuna wadudu, matunda yaliyoanguka na majani ya kufichia mayai. Wakati huo mvuvi anaweza kukaa saa tatu mbele ya mto uliojaa tele na kurudi mikono mitupu, kwa sababu samaki wametawanyika. Mvua zikikatika, kuanzia Juni, maji hurudi taratibu kwenye mkondo na samaki nao hurudi. Ndipo midomo ya vijito inapogombaniwa. Mahali ambapo kijito kinamwaga maji yake Lualaba, samaki wakubwa hukaa wakisubiri wadogo wanaotoka, na aliyewahi kupapata saa kumi ya alfajiri hasogei hata kwa mkojo.

Kambale, ambaye wengi nchini Congo humwita ngolo, ndiye rafiki wa mwenye ndoano moja na subira. Macho yake ni madogo na hayamsaidii sana. Anatafuta chakula kwa sharubu na kwa harufu, chini kabisa kwenye tope. Kwa hiyo anavuliwa usiku, uzito ukifungwa karibu na ndoano ili chambo kilale chini. Minyoo inafaa, matumbo ya kuku yanafaa zaidi, na kitu kilichoanza kunuka kinapita vyote. Mvua kubwa ikinyesha upande wa juu na maji yakabadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa, wengi hufunga nilo na kwenda nyumbani. Hapo wanakosea. Samaki wanaowinda kwa macho ndio wanaosumbuka katika tope. Ngolo anaendelea kula.

Tilapia ni habari nyingine. Huyo ni wa mchana, wa maji ya kina kifupi karibu na nyasi, na kinywa chake ni kidogo. Ndoano kubwa ataizunguka tu. Kidonge cha bugali kilichokandwa vizuri, kisichozidi punje ya mahindi, kinatosha. Kelele zinamkimbiza: kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ni sawa na kumtumia ujumbe kwamba umefika. Na siku kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua, wanaanguka majini kwa mamia na samaki wanapanda juu kuwala. Anayewahi kuokota kumbikumbi na kuwatunga kwenye ndoano nyembamba bila uzito wowote hatajuta.

Wapya wanaonywa kuhusu samaki wawili. Wa kwanza ni yule mwenye miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ambayo huisimamisha na kuifunga kama komeo akishikwa. Ukimkamata kwa nguvu, mkono utavimba. Wa pili ni samaki wa umeme, nina, mnene na laini, asiye na magamba. Mkubwa wake anaweza kutoa zaidi ya volti 300. Hauui mtu mzima mwenye afya, lakini aliyesimama kwenye mtumbwi mwembamba akapigwa anaweza kuanguka majini, na Lualaba haisamehi asiyejua kuogelea. Dawa ni kumvuta hadi nchi kavu, kumwacha atulie, na kutomgusa kwa mkono uliolowa.

Ujuzi huu haukuanza jana. Wagenia walikuwa wavuvi na wenye mitumbwi wa Lualaba muda mrefu kabla ya Kindu kuwa mji. David Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, katika eneo la Kasongo la leo, alikuta soko kubwa kando ya mto, na samaki walikuwa miongoni mwa vitu vilivyouzwa hapo na wanawake. Kule Kisangani ndugu zao wanajulikana duniani kwa miti mikubwa na vikapu wanavyosimamisha kwenye maporomoko. Kindu haina maporomoko ya namna hiyo: kuanzia hapa hadi Ubundu mto unapitika kwa mashua, kwa hiyo kazi hufanyika kwa nyavu, mitego na ndoano.

Mabishano huanza inapoulizwa kwa nini samaki wakubwa wanaonekana kupungua.

Mtuhumiwa wa kwanza ni chandarua. Vyandarua vya kuzuia mbu hugawiwa bure kwa sababu malaria inaua watoto wengi Congo. Lakini matundu yake ni madogo kiasi kwamba hakuna kinachopita. Kikiburutwa kwenye maji ya kina kifupi, penye nyasi, kinatoka na watoto wa samaki wa kila aina, wasiozidi urefu wa kidole. Hapo ndipo samaki wa Lualaba wanakulia kabla ya kwenda kwenye mkondo. Zaidi ya hayo, vyandarua vingi vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo ni kali sana kwa samaki hata ikiwa kidogo. Hata kambale asiyenaswa anaweza kudhurika.

Watu wa ndoano wana maneno makali juu ya jambo hili, na katika mambo ya mto wana haki. Wanachosahau ni nani anayeburuta chandarua hicho. Mara nyingi si mvuvi wa kazi. Ni mama na watoto wake wanaotafuta mboga ya jioni, ambao hawana mtumbwi wala pesa ya kununua wavu halali. Kumkataza bila kumwonyesha njia nyingine ni kumwambia alale njaa. Kuna wanaosema mtego wa kikapu, uliosukwa kwa nafasi ya kupitisha vidagaa, ungefanya kazi hiyo hiyo kwa madhara madogo zaidi. Nyenzo za kuusukia zimejaa msituni. Hoja hiyo ina uzito kuliko matusi.

Juu ya utupa hakuna mabishano mengi, kuna aibu tu. Mmea huo hupandwa kando ya nyumba au shambani. Majani yake hupondwa na kutiwa kwenye kijito wakati wa ukame, maji yakiwa machache. Ndani yake mna rotenoni, inayozuia mwili wa samaki kutumia oksijeni. Samaki wanaibuka wakihangaika, wakubwa kwa wadogo, na kijito kinabaki kitupu. Zamani, katika sehemu nyingi za misitu ya Congo, kazi ya kukausha au kulewesha bwawa ilifanywa na kijiji kizima kwa siku iliyokubaliwa, kisha bwawa likaachwa lipumzike. Leo mtu mmoja anakwenda usiku peke yake, na wapo wanaoacha utupa na kuchukua dawa ya wadudu ya shambani, ambayo ni hatari kwa mlaji pia. Kwa wanunuzi shauri ni rahisi: mtu akileta asubuhi rundo la samaki wa kila ukubwa, kuanzia kidole hadi mkono, wasio na alama ya ndoano wala ya wavu, na akawa na haraka ya kuuza, ni vizuri kumpita.

Halafu kuna dhahabu. Mito ya Elila na Ulindi inatoka Kivu Kusini na kumwaga maji yake Lualaba ndani ya Maniema, na katika bonde la Ulindi mashine za kuchimbua dhahabu chini ya mto zimefanya kazi kwa miaka. Mashine hizo hugeuza sakafu ya mto, tope likafunika mahali pa kutagia mayai. Wachimbaji wadogo nao hutumia zebaki, ambayo hupanda kutoka kwa samaki mdogo hadi kwa mkubwa anayemla, na hujikusanya zaidi kwa wale wawindaji. Mwenye ndoano hawezi kufanya lolote juu ya hilo akiwa ukingoni. Labda ndiyo sababu huzungumziwa kidogo kuliko chandarua cha jirani.

Sheria ipo, ingawa ni ya kale. Uvuvi nchini Congo bado unategemea amri ya kikoloni ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi. Upande wa uwindaji ulipata sheria yake mwaka 1982; uvuvi ulibaki nyuma. Sheria ya mwaka 2014 ya kuhifadhi maumbile iliongeza ulinzi wa viumbe kwa jumla. Wengi wanaotupa ndoano Kindu walizaliwa miaka mingi baada ya amri hiyo ya 1937, na hawajawahi kuiona.

Swali linalogawanya watu zaidi kwa sasa ni kama mto ufungwe kwa miezi fulani. Mfano uko karibu. Kwenye Ziwa Tanganyika, nchi zinazolizunguka zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Zambia imezoea kufunga uvuvi kwenye maji yake mengi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, samaki wanapozaa.

Wanaounga mkono wanasema Lualaba nayo inastahili kupumzika. Wanaopinga wanauliza familia itakula nini kwa miezi mitatu, na nani atalinda mto mrefu hivyo, wenye vijito visivyohesabika, bila kuugeuza ulinzi kuwa kizuizi kingine cha kutozea pesa. Tena kalenda ya Tanganyika haiwezi kunakiliwa: Mei hadi Agosti ni majira ambapo Lualaba inarudi kwenye mkondo wake na mvuvi wa Kindu anapata chakula. Kilicho dhaifu kwa samaki hapa ni wakati wa maji mengi, na mahali palipo dhaifu ni msitu uliofurika na midomo ya vijito. Kufunga sehemu hizo chache wakati wa mafuriko, na kuuacha mkondo mkuu wazi, kungewaumiza watu wachache na kungeweza kulindwa na wakaaji wa hapo wenyewe.

Lakini hapo watu wa ndoano nao wanaguswa. Wanapenda kusema kwamba ndoano haimalizi samaki, inachukua mmoja mmoja. Ni kweli nusu. Ngolo jike aliyejaa mayai, akivuliwa kwenye mdomo wa kijito mvua zinapoanza, anaondoka na kizazi chake chote, na mayai hayo huhesabiwa kuwa utamu wa mchuzi.

Kurudisha samaki majini? Wazo hilo huleta kicheko. Hata hivyo kuna watu wanaosafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja bonde la Congo kwa ajili ya samaki mmoja tu, mbenga, kumpiga picha na kumwachia. Mbenga ana meno 32 yaliyotokeza nje ya mdomo, na nilo ya kawaida anaikata kama uzi wa kushonea. Bila waya mbele ya ndoano ni kazi bure. Mwingereza Jeremy Wade alimwonyesha kwenye kipindi cha televisheni cha River Monsters, na rekodi ya dunia ya kumvua kwa fimbo, kilo 44, iliwekwa Kinshasa mwaka 1988. Kindu, mbenga wa kilo kumi ni karo ya mtoto, na atakatwa vipande kabla ya kufika sokoni.

Mambo ya usalama huzungumzwa kidogo, ingawa ndiyo yanayoua. Mashua za mbao hupita usiku bila taa, na mwenye mtumbwi aliyelala katikati ya mkondo haonekani. Tochi ndogo iwashwe kila injini inaposikika, na vazi la kuokolea lisiwe la abiria peke yao. Maji ya kunywa yatoke nyumbani: kipindupindu kimerudi mara nyingi kwenye miji na vijiji vya kando ya Lualaba. Ngurumo ikianza, mtumbwi uende ukingoni, hata kama samaki wanakula.

Usiku ukiingia, mabishano hurudi kwenye jambo dogo zaidi, namba ya ndoano. Kwenye vibanda vya sokoni ndoano ndogo huuzwa kwa namba, na wapya hudhani namba kubwa ni ndoano kubwa. Ni kinyume: ya 16 ni ndogo kuliko ya 8. Mwenye ya 16 anarudi na vitilapia kumi vinavyojaa kiganja. Mwenye ya 8 anarudi na ngolo mmoja, au na kopo lake la minyoo tu. Wa kwanza humwambia wa pili kwamba watoto hawali subira. Wa pili humjibu kwamba vile kumi, mwaka ujao, vingekuwa sufuria kumi. Kisha kila mmoja anatupa nilo yake tena.