Ubao Hausikii Hotuba

Wahenga walituusia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Usia huo ni wa malezi ya watoto. Usifanywe kisingizio cha watu wazima kuacha kujifunza. Taifa letu liliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu 1967 Elimu ya Kujitegemea ilikwishatufunza kwamba akili na mikono havifai kutenganishwa.

Hata hivyo, wengi wetu tunaohimiza kazi za mikono majukwaani tuna viganja laini. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Jioni, baada ya kazi, alianza kujifunza useremala kwa msumeno, randa na patasi, chini ya fundi aliye rika la mwanawe. Kigoda chake cha kwanza kiliyumba. Alipiga randa kinyume cha nyuzi, ubao ukachanika. Patasi hakuinoa, kisha akaulaumu mti.

Mninga hausikii hotuba wala hautambui cheo. Hutii chuma kilichopita kwenye kinoo, na mkono wenye subira.

Nabii Zakaria, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Utume haukumzuia kushika chombo. Nani kati yetu, ndugu wananchi, ni mkubwa kuliko yeye? Basi tuwaendee mafundi wetu, si kwa kuwakagua bali kwa kujifunza. Atakayeunda kigoda kimoja kwa mkono wake hatathubutu tena kumpunja fundi ujira wake.