MBUZI WASILALE NA WATU

Katika vijiji vya Dodoma na Singida zipo nyumba za tembe ambamo mbuzi hulala pamoja na watu. Jioni mbuzi huingizwa ndani, mlango hufungwa, na wote hulala chini ya paa moja mpaka asubuhi. Ukimwuliza mwenye nyumba sababu, atakutajia mbili: fisi na wezi.

Sababu hizo ni za kweli. Mbuzi ni sare ya mtoto shuleni, na ni nauli ya mgonjwa kwenda hospitali. Lakini wapo adui wengine ambao hatuwafungii mlango, kwa kuwa tunawaingiza wenyewe kila jioni.

Madhara kwa watu

Adui wa kwanza ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Kitovu cha mtoto mchanga kikikatwa kwa kifaa kichafu, au kikipakwa samadi au vumbi, vijidudu hupata njia. Baada ya siku chache mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri hushindwa kunyonya. Taya hukaza, mwili hukakamaa, na bila matibabu ya haraka hufa. Kwa hiyo mama mjamzito apate chanjo ya pepopunda kliniki na ajifungulie kwenye kituo cha tiba. Tena nyumba atakayorudi na mtoto iwe safi.

Wa pili ni funza. Hawa hupenda vumbi kavu la mahali wanyama wanapolala. Vidonda vyao miguuni ni mlango mwingine wa pepopunda hiyo hiyo.

Wa tatu ni ugonjwa wa kutupa mimba. Mbuzi mwenye ugonjwa huu akizaa au akitupa mimba, kondo na majimaji yake huwa na vijidudu. Mtu huambukizwa akiyashika kwa mikono mitupu, au akinywa maziwa mabichi. Hupata homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi na maumivu ya viungo. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa ya malaria wasipone.

Mbuzi nao huumia. Wakirundikana juu ya mavi na mkojo mahali pasipo na hewa, hukohoa, kwato huoza na minyoo huzidi.

Jenga banda la kichanja

Chagua mahali palipoinuka, pasipotuama maji. Pawe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na upande ambao upepo hauleti harufu nyumbani. Hatua 15 kutoka nyumba ya kulala zinatosha; mbuzi wakilia usiku utawasikia.

1. Simika nguzo za mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Sakafu iwe juu ya ardhi kiasi cha mita 1, ili uweze kufagia chini yake.

2. Tandika fito zilizonyooka. Nafasi kati ya fito na fito iwe sentimita 1 na nusu hivi, yaani upana wa kidole kidogo. Mavi yatapita, lakini mguu wa mbuzi hautanasa.

3. Kila mbuzi mkubwa apate mita 1 na nusu ya mraba. Banda la mita 3 kwa 5 linatosha mbuzi 10. Watoto wa mbuzi na beberu watengewe vyumba vyao.

4. Upande wa upepo na mvua uzibwe vizuri. Pande nyingine zipigwe fito nene za kukaribiana, hewa ipite lakini fisi asipite. Mlango uwe imara, wenye kufuli.

Uwanja wa nje

Mbele ya banda zungushia uwanja mara mbili au tatu ya ukubwa wa banda, ili mbuzi wapate jua na kunyoosha miguu. Ua wa miiba au wa minyaa unafaa, ila utomvu wa minyaa usiwaingie machoni. Acha mti wa kivuli. Majani yawekwe kwenye hori lililoinuliwa, kwa sababu mbuzi anayekula chini hula na mayai ya minyoo. Maji yawe safi, yabadilishwe kila siku.

Fagia chini ya kichanja angalau mara mbili kwa wiki. Mavi yatie shimoni yaoze. Ni mbolea nzuri kwa shamba la mtama na mahindi. Mbuzi akitupa mimba, usishike kitu kwa mikono mitupu. Fukia yote chini sana na umwarifu bwana mifugo. Maziwa yachemshwe daima.

Nguzo, fito na nyasi hupatikana kijijini. Fedha itahitajika kwa misumari, bawaba na kufuli. Majirani wakisaidiana, kazi hii huisha kabla ya mvua kuanza. Ikiisha, fagia chumba walimolala mbuzi, toa udongo wa juu uliochanganyika na mavi, kisha ukandike upya. Hapo ndipo mama atamlaza mtoto wake.