Mfereji wa nyongo: Kwa nini jaribio la siku moja halitoshi

Mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo huenda akawa ameshafika nyumbani, Endebess karibu na Kitale au Kapsokwony katika Kaunti ya Bungoma, kabla hatari mojawapo kubwa ya upasuaji huo haijajitokeza. Nyongo ikivuja, dalili zake aghalabu huonekana siku kadhaa baadaye: maumivu ya tumbo, homa, na wakati mwingine macho kuwa ya manjano.

Hii ndiyo sababu vifaa vinavyoziba mfereji wa nyongo kwa joto la umeme haviwezi kuthibitishwa kuwa salama kwa jaribio la siku moja.

Ini hutengeneza nyongo inayoweza kufika lita moja kwa siku. Sehemu yake huhifadhiwa katika mfuko ulio chini ya ini, nao huunganishwa na mfereji mkuu kwa kijifereji chembamba. Mawe yakijitengeneza humo na kuleta maumivu, madaktari huondoa mfuko na kufunga kijifereji hicho. Magharibi mwa Kenya kuna sababu ya ziada ya mawe hayo, nayo ni selimundu, maradhi ya kurithi yanayopatikana zaidi maeneo ya malaria kama Bungoma. Chembe nyekundu za damu huvunjika mapema, na rangi inayotokana nazo hugandamana kuwa mawe, hata kwa watoto.

Kijifereji hufungwa kwa uzi au kwa vibanio vidogo vya titani, ambavyo vilienea pamoja na upasuaji wa kutumia kamera. Upasuaji wa namna hiyo wa kuondoa mfuko wa nyongo ulifanywa kwanza na daktari Mjerumani, Erich Mühe, mwaka wa 1985. Kifaa cha joto hufanya kazi tofauti. Taya zake mbili hubana nyama, umeme hupita, kuta huyeyuka na kushikamana, kisha mtambo hujizima wenyewe.

Tatizo ni kwamba vifaa hivyo vilibuniwa kwa ajili ya mishipa ya damu, aghalabu yenye upana usiozidi milimita 7. Ukuta wa mfereji wa nyongo haukuumbwa kama wa mshipa wa damu.

Jaribio la kwanza ni rahisi. Mfereji wa nguruwe huzibwa, kisha hujazwa maji hadi upasuke. Shinikizo la kawaida la nyongo ni takriban milimita 10 za zebaki, ilhali la damu hufika 120 moyo unapopiga. Kwa hivyo kifaa kinachohimili damu hufaulu hapa bila taabu, na ufaulu huo unaweza kupotosha. Nyama iliyoungua hufa, na sehemu iliyokufa huweza kumomonyoka baada ya siku kadhaa. Sharti basi nguruwe awekwe hai kwa muda, afunguliwe tena, na kovu lake lichunguzwe kwa hadubini. Ni muhimu pia kupima joto lilisambaa umbali gani, maadamu mfereji mkuu uko karibu mno.

Kisha kuna suala la idadi. Kifaa kikitumiwa kwa wagonjwa 30 na asivuje hata mmoja, hesabu bado inaruhusu uwezekano kwamba mmoja kati ya 10 angevuja.

Mazingira nayo yana uzito wake. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Uzi hauhitaji umeme, mtambo wa joto unauhitaji. Aidha, taya zilizoundwa kutumiwa mara moja zikisafishwa na kutumiwa tena, matokeo ya majaribio ya awali hayazihusu.

Nchini Kenya, usajili wa vifaa vya tiba uko mikononi mwa Bodi ya Dawa na Sumu. Hata hivyo, idhini ya kuziba mishipa ya damu si idhini ya kuziba mifereji ya nyongo, na daktari hana budi kusoma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kuchagua.

Nyongo ikishavuja, tiba mojawapo ni kuingiza kijibomba kwenye mfereji kupitia mdomoni, huduma inayotolewa na hospitali chache nchini. Kutoka Kitale hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret, ni takriban kilomita 70. Hospitali inayoanza kutumia kifaa kipya inafaa kumpigia simu kila mgonjwa baada ya wiki moja, na tena baada ya mwezi, na kuandika alichosema.