Gari adimu litafute Kawangware na Kibera

Tangu 1970, wapenzi wa magari ya kale wamekuwa wakikutana katika uwanja wa mbio za farasi ulio kando ya Barabara ya Ngong, jijini Nairobi, kwa shindano la Concours d'Elegance. Waamuzi hupiga magoti na kuchungulia uvungu wa gari wakitafuta tone la oili. Ni shughuli ya kupendeza, lakini gari lililopigwa mswaki usiku kucha halitafutwi. Mwenyewe amelileta lionekane. Adimu hasa ni gari la kale ambalo lingali kazini. La namna hiyo huenda ukalikuta si mbali na uwanja huo, katika mitaa ya Kawangware na Kibera, likiwa limebeba magunia ya sukumawiki au mitambo ya fundi wa kuchomelea vyuma.

Msomaji atauliza: je, Porsche na Range Rover zinazopita papo hapo Barabara ya Ngong si adimu? Hizo ni ghali, na ughali si uadimu. Mwenye pesa aweza kuagiza nyingine kesho kutoka Japani au Uingereza. Masharti yanayosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) hayaruhusu kuingizwa nchini kwa magari ya mitumba yaliyopitisha miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo magari ya kifahari yataendelea kuongezeka, ilhali Peugeot 504 inayokatwakatwa leo hailetewi mwenzake wa kuziba pengo. Hazina yetu ya magari ya miaka ya 60 na 70 inapungua tu.

Kwa anayetaka kuyatambua, pa kuanzia ni nambari ya usajili. Gari lililosajiliwa Kenya kabla ya 1989 lina herufi 3 na tarakimu 3 basi, bila herufi yoyote mwishoni. Mwaka huo ndipo ulipoanza mfumo wa KAA wenye herufi ya ziada baada ya tarakimu. KBA ikafikiwa 2007, na KDA 2020. Lakini nambari hueleza wakati gari liliposajiliwa hapa, wala si wakati lilipoundwa. Yapo magari yenye KAA mwanzoni ambayo yalikuwa yamezeeka ng'ambo kabla ya kupanda meli.

Baada ya nambari, tazama umbo. Peugeot 404, iliyozinduliwa 1960, ina mapezi nyuma kama ya samaki. 504, iliyotoka 1968, ina taa za mbele zenye pembe, mithili ya macho ya mtu aliyekunja uso. Magari haya mawili yana historia ndefu kwetu. 404 ilishinda Safari Rally mara 4: 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Hata hivyo, walioijua 504 vizuri zaidi ni abiria, maana ile ndefu yenye safu 3 za viti ilikuwa matatu ya safari za mbali, na watu walibanana humo kutoka Nairobi hadi mashambani huku mizigo imefungwa juu ya paa. Pikapu zake ziliendelea kuunganishwa humu nchini hadi mapema miaka ya 2000, na ndizo utakazokutana nazo kwa urahisi zaidi.

Land Rover za kale nazo zina alama yake. Zile zenye taa kubwa zilizokaribiana kando ya wavu wa rejeta ni za kabla ya mwisho wa miaka ya 60. Baadaye taa zilihamishiwa kwenye madigadi. Volkswagen Beetle haihitaji maelezo, isipokuwa kwamba haina rejeta kabisa: injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa.

Kwa nini magari haya yadumu mitaa ya watu wa kipato kidogo? Kwa sababu hayana kompyuta. Kabureta hufunguliwa kwa spana na bisibisi, na fundi wa gereji ya kando ya barabara, mathalani huko Dagoretti Corner au Barabara ya Naivasha inayopita Kawangware, huusikiliza mngurumo wa injini akajua ugonjwa. Vipuri hutafutwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan. Visipopatikana, hubuniwa. Si ajabu kufunua boneti ya 504 ukakuta injini ya Toyota. Mwamuzi wa Concours angetikisa kichwa. Mimi namtetea fundi. Afadhali gari hilo likitembea na moyo wa kuazima kuliko lenye kila kitu chake likitagiwa mayai na kuku nyuma ya nyumba.

Adui mkubwa ni mizani ya vyuma vikuukuu. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, kisha baadaye mwaka huo ikairuhusu tena kwa masharti. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, nayo kwa kilo hununuliwa ghali kuliko chuma cha kawaida. Upande wa pili, tangu 2003 pamekuwapo mbio za East African Safari Classic, zinazotumia magari ya enzi hizo hizo, na wanaoyakarabati wanajua thamani yake kuliko wengi wanaoyauza.

Ukiliona gari la namna hii Kibera, usianze na kamera. Msalimu mwenyewe, muulize habari za kazi, kisha omba ruhusa. Picha ukiisambaza, ficha nambari na usitaje linapolala, kwani wezi wa vipuri nao hutazama picha.

Mwenye gari naye ana la kufanya. Mengi huishia kwenye mizani kwa sababu hati ya umiliki imepotea na gari haliwezi kuuzwa kihalali. Aliyepoteza hati huripoti kwa polisi, kisha huomba nakala kutoka kwa Mamlaka ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA). Ombi hilo ni jepesi iwapo aliyeandikishwa yu hai. Akishafariki, warithi hulazimika kwanza kwenda mahakamani kupata idhini ya kusimamia mali yake, na kesi za urithi zaweza kuchukua miaka huku gari likioza kwa mvua.