Kambarage Alipofika Mwisenge

Wajukuu zangu wa Bukima, ipo hofu moja ambayo nyote mnaijua. Mwalimu ananyoosha kidole: "Wewe, simama ujibu." Jibu unalo. Lakini unawaza: nikifungua mdomo, ulimi utachanganya r na l, darasa litaangua kicheko, na kicheko hicho kitanifuata mpaka kidato cha nne. Unakaa kimya. Mwalimu anadhani hujui.

Basi nisikilizeni. Kuna mtoto wa huku huku kwetu aliyeanzia nyuma kuliko nyinyi. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano katika nyumba yenye wake wengi. Inasemekana siku hiyo mvua ilinyesha kweli kweli, akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua. Alichunga mifugo, alicheza bao, na meno yake ya mbele yalichongwa kama ilivyokuwa desturi ya Wazanaki. Lugha yake ilikuwa Kizanaki, basi.

Mwaka 1934 akapelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, pale Musoma. Alikuwa na miaka 12. Kiswahili alianza kujifunza huko, wakati wewe umeanza kukisikia redioni hata kabla hujaota meno. Hebu jiwekeni mahali pake: nyumbani ni mtoto wa mtemi, shuleni huna hata maneno ya kuombea chumvi.

Wengi wakisimulia habari zake huruka hapa. Husema alikuwa na akili, yamekwisha. Akili alikuwa nazo: masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora. Lakini akili haitoshi kueleza ujasiri. Si mnawajua wenyewe wale wanaoongoza mitihani, ambao wakiitwa mbele ya paredi magoti yanagongana? Mimi nadhani mambo mawili yalimsaidia. Kwanza, alikulia pale ambapo wazee walikuja kwa mtemi na mashauri yao. Mtoto anayesikiliza watu wazima wakibishana bila kupigana hujifunza mapema kwamba kupingwa si kutukanwa. Pili, Tabora na baadaye Makerere, alikoingia mwaka 1943, vijana walikuwa na midahalo. Unasema, mwenzako anakujibu, unakosea, kesho mnakula meza moja.

Mwezi Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Wakati huo alikuwa mwalimu wa Pugu na rais wa TANU, chama chenye umri wa miezi minane tu, na wanachama walichangishana nauli yake. Tangu aingie Mwisenge ilikuwa imepita miaka 21. Hakupiga kelele. Alieleza kwa utulivu kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika na ijulikane hivyo, kisha akajibu maswali.

Aliporudi alitakiwa achague: ualimu au siasa. Akaacha kazi, akarudi Musoma, na kwa miezi kadhaa akawa anamfundisha padre mmoja wa Maryknoll Kizanaki na kutafsiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo. Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Katoka New York, ana shahada ya Edinburgh, naye anakaa chini na lugha ya mama yake kama kazi ya maana. Kiswahili alichokikuta shuleni nacho akakimiliki kiasi cha kutafsiri tamthiliya za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Kambarage, Julius wa ubatizo, Mwalimu wa watu wote: hakuna jina lililomfukuza jingine.

Nisiwafiche jambo. Alipokuwa rais wa Tanzania, nchi ilifanywa ya chama kimoja mwaka 1965, na waliotaka kumpinga hadharani hawakuwa na nafasi kubwa. Mzungumzaji hodari naye anahitaji kujibiwa. Hiyo ni mada nzuri ya mdahalo wenu, na msiogope kugawanyika.

Mkiniuliza mwanzie wapi, nitawaambia mwanzie kwenye kile mnachokijua kuliko mwalimu wenu. Wengi wenu mmelala mwaloni. Mnajua kwa nini mitumbwi ya dagaa hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, taa zikashindwa kushindana na mbalamwezi. Mnajua bei inavyopanda siku hizo na nani hula hasara. Mweleze bibi kwa Kijita, naye atakukatiza kila mara kwa maswali, maana bibi hana subira na maneno yasiyo na kichwa. Kisha waeleze wenzako watatu kwa Kiswahili. Wakicheka r yako, cheka nao kidogo, uendelee na bei ya dagaa. Kiingereza kije mwisho, habari yenyewe ikiwa imeshakaa sawa kichwani.

Haya, wewe uliyejificha nyuma ya mwenzako, baba yako si ana mtumbwi? Simama utueleze. Anza kwa lugha yoyote.