Daraja Linaloelea: Mizani ya Nguvu Ndani ya Gitaa la Umeme

Gitaa la umeme ni chombo kilichozoeleka katika bendi za muziki wa dansi. Katika magitaa mengi daraja, yaani kipande cha chuma kinachoshika nyuzi upande wa kiwiliwili, hukazwa imara kwa skrubu. Yako, hata hivyo, magitaa ambayo daraja lake huegemea makali mawili tu, na huweza kuinama mbele na nyuma. Mpigaji akisukuma wenzo mdogo uliounganishwa nalo, sauti ya nyuzi zote hushuka, akiuvuta, hupanda. Hili ndilo daraja linaloelea. Kulitia katika gitaa ambalo halikuundwa kwa ajili yake ni kazi ya seremala, lakini seremala huyo hana budi kufikiri kama mwanafizikia, kwani ubao ukishachimbwa haurudi.

Mwaka 1954 Leo Fender wa Marekani alitoa gitaa la Stratocaster, lenye daraja la kuinama na springi zilizofichwa nyuma ya kiwiliwili. Mwaka 1979 Mmarekani mwingine, Floyd Rose, alipewa hataza ya daraja ambalo nyuzi zake hubanwa katika ncha zote mbili ili zisiteleze. Vifaa hivi huitwa tremolo, ingawa katika muziki neno hilo huhusu ukubwa wa sauti kupungua na kuongezeka. Kinachobadilika hapa ni kimo cha sauti.

Nguvu zinazoshindana

Idadi ya mitetemo ya uzi kwa sekunde huwiana na kipeuo cha pili cha mvutano wake. Uzi wa tano hutetema mara 110 kwa sekunde. Ili utoe mitetemo 55, mvutano lazima upungue hadi robo. Nyuzi sita nyembamba, katika gitaa ambalo urefu wa uzi unaotetema ni milimita 648, huvuta kwa jumla ya karibu nyutoni 380, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 39.

Nyuzi hupita juu ya egemeo. Springi hushika pande la chuma linaloning'inia chini ya egemeo. Zote huvuta kuelekea shingo ya gitaa, lakini kwa kuwa ziko pande mbili za egemeo, momenti zake hupingana. Ikichukuliwa, kwa mfano wa hesabu, kwamba nyuzi ziko milimita 10 juu ya egemeo na springi milimita 40 chini yake, nyutoni 95 za springi zatosha kuzuia nyutoni 380 za nyuzi.

Mizani hii ndiyo sifa na udhia wa daraja hilo. Uzi mmoja ukikazwa, daraja huinamia mbele, na nyuzi nyingine hulegea. Uzi mmoja ukikatika, springi hushinda, na sauti za nyuzi zilizobaki hupanda zote. Kwa hiyo kulinganisha nyuzi hurudiwa mara kadhaa mpaka nguvu zitulie.

Kuchimba ubao

Kwanza hupimwa umbali kutoka kizingiti cha juu cha nyuzi hadi freti ya 12. Ukizidishwa kwa mbili, hupatikana mahali pa daraja. Kosa la milimita chache laweza kusahihishwa kwa vipande vidogo vinavyobeba nyuzi. Likizidi hapo, gitaa halitatoa noti sahihi kamwe.

Kisha hukatwa kiolezo, na ubao huchimbwa kidogo kidogo kwa mashine: tundu la kupenya, ambamo pande la chuma litazunguka bila kugusa ubao, shimo la springi upande wa nyuma, na bonde dogo chini ya daraja, iwapo sauti itatakiwa kupandishwa pia. Nguzo mbili za egemeo hubeba mvutano wa nyuzi pamoja na wa springi. Ubao kati ya nguzo na tundu ukiwa mwembamba, hupasuka. Waya wa ardhi hurudishwa kwenye springi, la sivyo mvumo huongezeka katika kipaza sauti. Fundi huvaa miwani ya kinga na kuziba pua, kwa sababu ya vumbi.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kuiona mizani hii bila gitaa. Rula ya mbao hutobolewe karibu na ncha moja na kutiwa kwenye msumari uliopigwa ubaoni. Nyuzi mbili za mshipi wa kuvulia samaki zifungwe kwenye ncha fupi, na springi kwenye ncha ndefu, zote zikivuta upande mmoja hadi rula isimame wima. Uzi mmoja upigwe kwa kidole na sauti yake isikilizwe. Kisha wa pili ukatwe. Rula itainama, na uzi uliobaki utalia kwa kimo cha juu zaidi ingawa hakuna mkono ulioukaza.